Kidole cha Sita

Jina la nchi hii silitaji, na msinidhanie mwoga. Ni kwamba jina lenyewe liko kamatini linabadilishwa, na kamati haijavuka kipengele cha chai. Itoshe kusema ni nchi njema, yenye bendera ndefu kuliko za jirani zake wote, na raia wake wana furaha kwa mujibu wa Sheria Namba Tisa.

Katika nchi hiyo aliishi Mwalimu Eufrasia Kidawa, mama wa miaka sitini na minne, mstaafu. Alifundisha sayansi darasa la sita kwa miaka thelathini na minane. Siku ya kustaafu alirudisha funguo, rejista na chaki zilizobaki, lakini kalamu nyekundu aliondoka nayo. Aliichomeka kwenye kilemba na huko ilishinda mchana kutwa. Alisahihisha kila kilichompitia mbele: kadi za harusi, matangazo ya nguzoni, hata ratiba ya mazishi ya mume wake mwenyewe, ambayo aliirudisha kwa kamati na alama kumi na moja kati ya ishirini. Watu walimheshimu sana na kumkwepa sana.

Mwalimu alikuwa na kisukari, mwaka wa kumi na moja sasa. Jumanne moja alirudi sokoni, akavua kiatu cha kushoto ili akung'ute mchanga, kikadondoka kizibo cha soda. Kilikuwa kimekaa meno juu, chini ya dole gumba, naye alikuwa amekikanyaga kwenda na kurudi, akisalimia watu njiani na kubishana na muuza dagaa. Hakuhisi chochote. Alipoupindua mguu aliona tundu jekundu, kubwa kama punje ya hindi, nalo halikuuma hata alipoligusa kwa kidole.

"Kingekuwa kinauma ningelia tu yakaisha," alimwambia jirani yake, Mama Chiku. "Hakiumi, ndiyo maana naogopa. Mguu umeshakufa ganzi huu."

"Sasa unaogopa nini, Mwalimu?" Mama Chiku alisema, akiendelea kuchambua mchele. "Kliniki ya Taifa ya Mguu hiyo hapo, ina madaktari elfu tatu. Utamkosaje mmoja?"

*

Hapa inabidi nieleze elfu tatu hao walitoka wapi, maana hawakuota.

Mwaka juzi, kwenye gwaride la Siku ya Bendera, kiatu kipya kilimbana Mtukufu Rais, akachechemea hatua saba mbele ya mabalozi. Kabla ya saa nane mchana redio ilikuwa imeshatangaza kwamba aliyechechemea si Mtukufu, ni taifa, kwa kuwa limepuuza miguu yake tangu uhuru. Kufika alasiri Wizara ya Miguu ilikuwa na jengo, wimbo na waziri. Waziri mwenyewe aliitwa Mheshimiwa Daktari Profesa Kanali Silvesta Mtepa. Hadi asubuhi ya siku hiyo alikuwa Silvesta Mtepa tu, mtangazaji wa mpira redioni, ila dada yake alikuwa ameolewa mahali pazuri.

Aliagizwa apate madaktari elfu tatu wa mguu kabla ya mwisho wa mwezi. Mtepa si mtu wa kushindwa. Alikusanya vinyozi, wapaka rangi za kucha, mafundi viatu, wapiga tarumbeta wa bendi ya jeshi iliyovunjwa, na binamu zake kumi na wanne, akawapeleka semina aliyoifundisha mwenyewe. Wengi walipata semina ya siku mbili, ya kwanza kwa ajili ya kujiandikisha na kupiga picha, ya pili kwa ajili ya kufunga semina. Wachache walikaa wiki nzima. Binamu walihitimu kwa simu.

Wote, bila ubaguzi, walipewa koti jeupe la urefu mmoja na cheo kimoja: Daktari wa Mguu. Ikatungwa na sheria kwamba kumuuliza daktari wa mguu amesoma nini, wapi na kwa muda gani ni kuwagawa wananchi. Nchi yenye umoja, alisema Waziri, haiwezi kuwa na daktari anayejua na daktari asiyejua. Itakuwa na madaktari tu. Watu walipiga makofi kwa dakika nne zilizopangwa.

Kikabaki kitendea kazi. Waziri akachora kwa mkono wake Ramani ya Taifa ya Mguu, ikatangazwa kwenye gazeti la serikali na kubandikwa katika kila chumba cha kliniki. Kila eneo la mguu lilipewa ofisi yake: Idara ya Kisigino, Idara ya Unyayo, na kila kidole mkurugenzi wake. Mguu wa kwenye Ramani ulikuwa na vidole sita. Wengine wanasema mkono uliteleza. Lakini Ramani ikishatangazwa ni sheria, na tangu siku hiyo raia wote waliandikwa kwenye mafaili yao kuwa na "upungufu wa kidole kimoja, chanzo kinachunguzwa". Kidole cha Sita kilipata mkurugenzi, makatibu wawili na gari. Idara hiyo haijawahi kupata lalamiko hata moja kutoka kwa mgonjwa, na kila mwaka inatwaa kombe la utendaji bora.

*

Kliniki ilikuwa na utaratibu wa kuvua viatu mlangoni. Pale alikaa mwanamke mfupi mwenye aproni ya bluu, Leokadia, kazi yake kupokea viatu, kutoa namba na kupanga kwenye rafu. Mwalimu aliona kwamba mwanamke huyu alikuwa na tabia ya ajabu. Kabla ya kukiweka kiatu rafuni alikichungulia ndani, akapitisha kidole kwenye soli, akakigeuza kutazama kisigino kimelika upande gani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini humo? Nge?"

"Hiki cha kushoto kimelowa ndani, mama. Na sijakuona ukichechemea."

"Sichechemei kwa sababu hapaumi."

Leokadia aliacha kupanga viatu. "Una sukari?"

"Ninayo."

"Basi nakuomba sana," alisema kwa sauti ya chini, "wasikukalishe humu ndani. Kidonda kisichouma kwa mtu mwenye sukari hakitaki subira." Msimamizi wa mlango alikohoa, Leokadia akainama haraka kwenye rafu yake.

Chumba cha kwanza alikuwamo Daktari Hamduni, kijana mpole anayenukia marashi. Aliutazama mguu, akameza mate, akasema, "Naweza." Kisha akazikata kucha zote kumi, akazilainisha kwa tupa na kuzipaka rangi ya zambarau. Kazi yake ilikuwa safi, hilo Mwalimu alikiri. Kwa miaka sita kabla ya semina, Hamduni alikuwa mpaka rangi hodari kuliko wote mtaani kwake. Kidonda hakukigusa, alikizunguka tu, kama mtu anayefagia uwanja wenye mbwa amelala.

Chumba cha pili alikuwamo Daktari Ngasha, fundi viatu wa zamani. Naye alisema, "Naweza." Akaugonga mguu kwa nyundo ndogo mara tatu, akasikiliza, akasema soli imeliwa na inahitaji kiraka. Mwalimu aliurudisha mguu wake haraka sana.

Chumba cha tatu ndipo mambo yalipokwama. Daktari wa Unyayo alisimama mbele ya Ramani na rula, akapima, akatikisa kichwa. Kidonda kilikuwa kimekaa nusu kwenye Dole Gumba, nusu kwenye Unyayo. Akigusa upande wa pili atakuwa amevamia idara ya mwenzake. Ilibidi Kamati ya Mipaka iitwe, na Kamati ya Mipaka hukaa Alhamisi, ikitimia.

Alhamisi hiyo ilikaa. Wazee watano wenye makoti meupe walitia bendera mbili za karatasi kwenye mguu wa Mwalimu, kila upande wa kidonda moja, wakazibana kwa gundi. Wakampa barua ya kumkataza kuosha mguu hadi uamuzi utolewe, asije akafuta mpaka. Wakampa na fomu ya kutiwa saini na wakurugenzi wa vidole vyote sita.

"Mimi nina vitano," alisema Mwalimu.

"Tunajua, mama," alisema mwenyekiti kwa huruma. "Kwa cha sita andika 'kimesafiri'. Wote wanaandika hivyo."

Mwalimu alikuwa amevumilia. Lakini mtu aliyesahihisha madaftari kwa miaka thelathini na minane ana swali lake, na swali hilo likimfika kooni halirudi. Alisimama kwa mguu mmoja katikati ya chumba, bendera zikipepea kwa upepo wa feni.

"Hebu niambieni," alisema. "Nyinyi mmesoma nini? Wapi? Muda gani? Na nani aliwasahihisha?"

Feni peke yake ndiyo iliyoendelea na kazi. Mzee mmoja wa kamati alijifunika uso kwa faili. Mwingine akabonyeza kengele ukutani, na haikupita dakika mlango ukafunguka akaingia Waziri mwenyewe, kanali kwa kofia na profesa kwa miwani.

"Naam, naam, naam!" alisema, maana mdomo wa redioni ulikuwa haujamtoka. "Mgonjwa anauchukua mchezo, anawapita mabeki wawili, anapiga swali, linakwenda nje!" Akachomoa kadi ya njano mfukoni na kuinyoosha juu. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu ya wizara. Kadi ya njano ni onyo. Nyekundu ni kufungiwa kliniki zote maisha.

Mwalimu hakuitazama kadi. Alikuwa anaitazama pua ya Waziri.

"Silvesta Mtepa," alisema. "Darasa la sita B, dawati la dirishani."

Mkono wenye kadi ulishuka kidogo. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kwenye mtihani wa mwisho wa sayansi uliniletea mchoro wa mtu visigino viko mbele. Nilikupa mbili kati ya ishirini, na hizo mbili zilikuwa za usafi." Akageuka kuitazama Ramani ukutani. "Naona umeendelea."

Kamati nzima ilikuwa inatazama sakafu. Waziri alivuta shati, akaikumbuka kofia yake, na sauti ya redioni ikamrudia. "Mambo yamebadilika, Mwalimu."

"Miguu haijabadilika," alisema Mwalimu, lakini kadi ya njano ilikuwa imeshaandikwa kwenye faili lake, na uamuzi wa mpaka ukaahirishwa wiki moja kwa sababu za heshima.

*

Siku ya tisa kidonda kilianza kunuka. Siku ya kumi dole gumba likawa na rangi ya bilinganya, na rangi ile ya zambarau ya Hamduni ikawa haionekani tena iliko. Mwalimu alikaa kitandani akiutazama mguu wake, akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa hofu. Mguu ule ulikuwa umesimama mbele ya ubao maisha yake yote, na sasa ulikuwa unaoza ukisubiri wazee watano watimie.

Alikwenda kliniki kwa mara nyingine, akaambiwa mwenyekiti ana udhuru. Alipopokea viatu vyake mlangoni alikuta ndani ya kile cha kushoto kimekunjwa kikaratasi: *Jumapili saa mbili asubuhi. Nyuma ya kanisa dogo, nyumba yenye geti la bati la kijani. Usije na njaa, kunywa chai kwanza.* Mwalimu alikisoma mara mbili. Hakukuwa na kosa hata moja.

Uani kwa Leokadia, kati ya banda la kuku na kamba ya kuanikia nguo, palikuwa na mkeka, sufuria ya maji yaliyochemka na kupozwa, na watu wanne waliosubiri kwenye mbao bila kusemezana. Leokadia alinawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akavaa glavu. Hakusema "naweza". Aliuliza. Sukari inasoma ngapi? Anameza nini? Kidonda kimeanza lini, amekiosha kwa nini, anahisi homa? Akamgusagusa unyayo kwa uzi mgumu wa nailoni, akimwambia afumbe macho aseme kila anapoguswa. Mwalimu alifumba macho akasubiri muda mrefu.

"Anza basi, mwanangu."

"Nimeshamaliza, mama. Nimekugusa mara kumi."

Kisha akabonyeza juu ya mguu kutafuta mapigo ya damu, akakisafisha kidonda, akakiinamia tena na tena. Mwalimu hakuvumilia.

"Sasa nakuuliza wewe, na wanipe hiyo nyekundu. Umesoma nini, wapi, muda gani, na nani alikusahihisha?"

Leokadia alicheka kwa mara ya kwanza. "Nimesoma kutunza miguu ya wagonjwa, hasa wenye sukari. Chuo cha nchi jirani, miaka mitatu, mwaka mzima wa mwisho wodini. Alinisahihisha sista mmoja mkali kukuzidi."

"Na mbona unapanga viatu?"

"Fomu ya wizara inauliza umesoma siku ngapi, mwisho kumi na nne. Mimi niliandika elfu moja na tisini na tano. Ikarudi na mhuri: elimu imezidi kiwango. Wakaniambia wanaweza kunihurumia na kunipa mlango."

Akavua glavu, akakaa chini kwenye mkeka akamtazama usoni. "Mama, nisikilize. Huyu Hamduni unayemwona pale ana mkono mzuri. Mtu mzima wa afya akitaka kucha zake zikatwe bila kuchubuliwa, amwendee yeye, wala si aibu. Ngasha naye angetengeneza viatu visivyobana angeokoa miguu mingi kuliko mimi. Mimi natunza vidonda, naondoa sugu, natazama mguu usifike huku. Lakini huu wako umeshafika. Hiki kidole mfupa wake umeingiwa. Hiki mimi sikiwezi."

Mwalimu alihisi kitu kifuani kikilegea. Tangu Jumanne ile ya kizibo amepita vyumba vyote vya taifa, kila koti likisema naweza, naweza. Huyu alikuwa wa kwanza kumwambia hawezi, na ndiye pekee ambaye Mwalimu alimwamini.

"Anayeweza nani?"

"Daktari wa upasuaji, hospitali ya misheni kule Kilimani. Kasoma miaka mingi kuliko yangu, na ana kisu chenye ruhusa. Naandika barua sasa hivi, na unaondoka leo hiihii."

Alikuwa anakifunga kidonda kwa vitambaa safi alivyochana kutoka kwenye shuka la kijani na kuvichemsha, geti la bati likalia. Leokadia alichungulia, akashtuka, akavuta kanga iliyoanikwa ili imfiche Mwalimu, akaweka kidole mdomoni.

Chini ya kanga Mwalimu aliona mguu mmoja ukivuliwa buti la kanali. Dole gumba la kulia lilikuwa limevimba, ukucha umezama nyamani. Vidole vilikuwa vitano, alivihesabu kwa mazoea.

"Ni pabaya sana hapa," ilinong'ona sauti ambayo nchi nzima iliijua kwa magoli. "Lakini kwanza niambie. Umesoma wapi, wewe? Muda gani?"

"Miaka mitatu, Mheshimiwa."

"Afadhali," ilisema sauti, na mguu ukanyooshwa. "Uguse taratibu."

*

Daktari wa upasuaji alilikata dole gumba la Mwalimu Jumatatu, akamwambia siku mbili zaidi ingekuwa mguu mzima. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Barua ya Leokadia aliisoma, akauliza aliyeiandika anafanya kazi hospitali gani, akajibiwa, akaisoma tena. Tangu Mwalimu atoke hospitali, Leokadia ndiye aliyemfunga kidonda kila Jumapili, kwa vitambaa vilevile vya kijani.

Mwezi uliofuata ilikuja barua ya serikali. Mwalimu Eufrasia Kidawa alikuwa amechaguliwa kutoa neno la shukrani kwenye Siku ya Taifa ya Mguu, kama mgonjwa aliyepona kabisa. Alidhani ni kosa, akachomoa kalamu, kisha akaona hesabu yenyewe imeambatishwa. Kwa mujibu wa Ramani binadamu ana vidole sita. Mgonjwa alipoteza kimoja. Sita kutoa kimoja ni vitano, na vitano ndiyo idadi waliyonayo raia wote. Kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Chini ya ratiba kulikuwa na kipengele kingine: *Waziri kumwonyesha kadi nyekundu hadharani mtumishi Leokadia, mpanga viatu, kwa kosa la kutibu kwa elimu iliyozidi.* Jirani mmoja alikuwa ameona foleni ya Jumapili akasema. Baada ya kadi kungefuata gereza, ila hilo halikuwekwa kwenye ratiba ili lisiharibu sherehe.

Mwalimu alikwenda. Alivaa gauni lake la mahafali, na kilemba kipya, na mkono wa kushoto akashika fimbo ya kutembelea. Uwanja ulijaa makoti meupe elfu tatu. Ramani ya Taifa, kubwa kama pazia la sinema, ilining'inia nyuma ya jukwaa. Leokadia alisimamishwa pembeni kati ya askari wawili, aproni yake ya bluu bado kiunoni, na kwa mazoea alikuwa anatazama viatu vya watu.

Waziri alihutubia saa moja na nusu. Alisema tangu wizara iundwe taifa halijapoteza kidole hata kimoja. Alisema mataifa makubwa yanatuonea wivu kwa kidole cha sita. "Tunaongoza! Tunaongoza, na mpira bado ni wetu!" alipaza sauti, makoti yakapiga makofi. Kisha akamkaribisha mama yetu mpendwa atoe shukrani.

Mwalimu alipanda ngazi polepole. Hakuiendea maikrofoni. Alisimama hatua mbili mbele ya Waziri, akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeingia darasani kengele imeshalia.

"Silvesta. Simama wima."

Waziri alisimama wima. Nadhani hata yeye hakujua amesimama. Kuna sauti ambazo mtu akishazisikia akiwa na miaka kumi na miwili zinabaki zimekaa magotini.

"Vua kiatu cha kulia."

"Mwalimu, hapa kuna watu."

"Nimesema nini?"

Aliinama akafungua kamba. Akavua. "Na soksi," alisema Mwalimu, na soksi ikatoka. Uwanja mzima uliona bendeji ya kijani, imefungwa kwa fundo dogo la pembeni. Mwalimu akavua kiatu chake cha kushoto, akaunyoosha mguu karibu na ule. Kijani hichohicho, fundo hilohilo. Mmoja una vidole vitano, mwingine una vinne, na maikrofoni ilikuwa wazi.

"Nani alikufunga hiyo?"

"Leokadia, Mwalimu."

"Una madaktari elfu tatu hapa uwanjani. Kwa nini hukuwaendea?"

Mheshimiwa Daktari Profesa Kanali alitazama makoti meupe, akatazama kidole chake, akasahau kabisa kwamba hayuko darasa la sita B.

"Mwalimu," alisema kwa uchungu wa kweli, "niwaendee vipi, na mimi ndiye niliyewafundisha?"

Maikrofoni iliipeleka hiyo hadi kwenye maspika ya nguzoni, hadi sokoni, hadi kwa muuza dagaa. Hakuna aliyepiga makofi kwa sababu hayakuwa yamepangwa. Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikapita uwanjani kote kama maji yaliyomwagika. Mwalimu alichukua nafasi hiyo kuiendea Ramani. Alichomoa kalamu nyekundu kwenye kilemba, akakata kidole cha sita kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni akaandika: *2/20. Za usafi. Njoo na mzazi.*

*

Mnaotaka kujua serikali ilifanya nini, ilifanya inavyostahili. Iliunda kamati. Mkurugenzi wa Kidole cha Sita aliteuliwa balozi. Waziri alirudishwa redioni, na mpira anautangaza vizuri mno. Sheria ya kukataza lile swali haijafutwa. Ilipotea tu, na kila ofisi inasema iko kwa mwenzake. Askari waliomshika Leokadia walimwachia walipoona hakuna mwenye kutoa kadi, na mmoja wao alivua buti palepale akaomba atazamwe.

Leokadia bado yuko mlangoni na aproni yake ya bluu, kwani fomu mpya haijachapishwa. Lakini watu wakishampa viatu hawaingii tena ndani. Wanakaa palepale kwenye sakafu, wanauliza lile swali kwa sauti, anajibu, wanamnyooshea mguu. Yale makoti meupe yamekaa vyumbani na Ramani.

Mwalimu huja kila Ijumaa kuangaliwa. Wiki iliyopita alikuta koti moja limetoka nje. Hamduni alikuwa amesimama mwisho wa foleni, marashi yake yakimtangulia, koti amelikunja mkononi.

"Unaumwa nini?" Mwalimu alimuuliza.

"Siumwi, Mwalimu. Kucha nazijua." Masikio yakamwiva. "Ile nyingine siijui. Ile yako siku ile sikuijua kabisa, nikasema naweza. Nimekuja kumuuliza kama anafundisha."

Mwalimu alichomoa kalamu kwenye kilemba, akamshika mkono, akamwandikia alama kiganjani. Hamduni aliisoma: kumi kati ya ishirini.

"Zote hizo za nini?" aliuliza.

"Za hilo neno sijui," alisema Mwalimu. "Zilizobaki katafute kwa yule pale, miaka mitatu."

Hamduni akafunga kiganja, akakaa sakafuni na wengine, akasubiri zamu yake.